Masale Uliyonipandia

Rangwi, Lushoto
Jumapili, baada ya Misa

Kwako kaka yangu mpendwa Paskali,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute umekaa, umeshakula, na hakuna anayekuita shambani, maana ni ndefu na sitaki uisome ukiwa umesimama. Msalimie sana wifi Evelina. Mwambie ile kanga aliyomletea mama bado haijavaliwa, imewekwa kwa ajili ya Krismasi, ingawa kila Jumamosi inatolewa kabatini, inaangaliwa, inarudishwa.

Sisi huku tunaamka, tunashukuru. Jenoveva ameanza darasa la kwanza na meno ya mbele yameng'oka yote, akisoma kwa sauti tunacheka mpaka ananuna. Aron kikohozi kimemwachia, sasa kazi yake ni kukimbiza kuku wa Halima jirani. Mama anakula vizuri. Anatembea kwa fimbo, lakini anatembea. Mimi ni uchovu tu, kaka, ule wa kuamka umechoka kuliko ulivyolala. Si ugonjwa.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Mtandao wetu unaujua, mpaka upande kwenye lile jiwe la kwa kina Halima, na pale jiweni kila mtu anakuja kutafuta mtandao na masikio yake. Mara ya mwisho tulipoongea habari za mpaka wa shamba, nilifika nyumbani nikakuta habari imeshanitangulia, mama anaijua yote, pamoja na maneno ambayo wewe hukuyasema. Halafu na wewe, kaka, nikianza tu kusema unaniambia utanipigia jioni. Basi mama akasema mambo ya ardhi hayapigiwi kelele juu ya jiwe, yaandikwe. Rubeni atashuka huko kwenu Mnazi siku ya gulio, nimempa mkononi.

Na huyo Rubeni ndiye aliyenipa habari zako za masika. Aliniambia mto uliwaletea matope mekundu, mkashinda wiki nzima mnazibua mfereji wa mahindi, na kwamba wewe ulisimama kwenye matope mpaka magotini ukauliza udongo wote huu unatoka wapi. Alinisimulia akicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilijua kwamba udongo mwingine ulikuwa wa kwetu.

Kaka, mwezi wa nne tulikuambia mama ameteleza kisimani akaumia nyonga. Hakuteleza. Yeye ndiye aliyeniamuru niseme hivyo, akanishika mkono pale hospitali Lushoto, akasema Paskali asiletewe mzigo, ana watoto wake wa kulisha. Nimekaa na uongo huo miezi yote hii, leo nautua.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake bila kupumzika. Asubuhi mama alikuwa jikoni, lile jiko la nje, anakoroga uji, na Aron amekaa juu ya gunia karibu na moto. Mimi nilikuwa zizini nakamua mbuzi. Nilisikia kitu kama gari la mbao linashusha mzigo mlimani, nikashangaa, maana gari haliwezi kufika pale. Ilikuwa njia ya mpaka, ile tuliyofungua kati ya shamba lako na langu. Maji yaliyokuwa yakishukia pale yalibeba ukingo mzima, udongo na mawe na viazi vya watu, yakaja moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma wa jiko. Mama aliona ukuta unafanya tumbo. Alimnyakua Aron akamrusha nje mlangoni kama furushi la nguo, Jenoveva akamdaka, wote wawili wakaanguka kwenye tope. Yeye hakuwahi kutoka. Tulimkuta amefukiwa mpaka kiunoni, mwiko bado mkononi. Halima na mumewe Nassoro ndio waliokuja na majembe, tukamchimbua mama yetu kama mtu anavyochimbua viazi, kwa woga, tusimkate.

Anachokisema yeye kuhusu siku ile ni kwamba uji uliharibika.

Jiko halipo tena. Tunapikia kwenye baraza. Na lile korongo, ambalo wewe ulipoondoka lilikuwa njia ya kupitishia kabichi, sasa nikisimama ndani yake kingo zinanifika kifuani. Linaelekea chumba cha mama. Si kwa kukisia, kaka, njoo usimame juu uangalie, utaona linavyoelekea. Jiko ndilo lililokuwa limeziba, na jiko limekwisha.

Huenda unasema moyoni, mvua ni ya Mungu, na mwaka huu ilikuwa kubwa kila mahali. Nami nilisema hivyo. Lakini kule kwa Nassoro, ambako bado kuna migomba na mikahawa ya zamani na migrivea ya kivuli, mlima ni uleule, mvua ni ileile, na hakuna hata jiwe lililosogea. Hilo lilininyima amani. Nikaenda kumtafuta bibi shamba wa kata, binti mmoja anaitwa Zakia, mdogo kuliko mimi, ana pikipiki na buti za mvua.

Zakia alipanda shamba lote. Alipomaliza aliomba glasi za chai tatu na maji. Akachukua bonge la udongo kutoka chini ya migomba ya mama, lingine kutoka kwenye karoti zangu, lingine kutoka upande wako anakolima shemeji yako Nikodemo viazi. Akayaacha yakauke juani kwanza. Watu walishajaa barazani, na shemeji Nikodemo mwenyewe alikuja, akauliza kwa sauti kama siku hizi udongo nao unauzwa kwa glasi kama pombe ya dengelua, na kama ni hivyo yeye aanze na ya bure. Tulicheka wote, hata mama. Kisha Zakia akayatumbukiza.

Bonge la mgombani lilikaa chini ya maji likitoa mapovu madogo, likatulia, zima kama lilivyo. La kwangu lilianza kumomonyoka pembeni, likashuka polepole mpaka likawa tope. La upande wako, kaka, halikungoja. Liliachia mara moja kama kipande cha sukari guru, na maji yakawa mekundu, huoni ng'ambo ya glasi. Hakuna aliyecheka tena. Shemeji Nikodemo aliangalia miguu yake.

Zakia alitueleza bila kumkaripia mtu. Alisema udongo mzuri una kinachoushikilia, mizizi, majani yaliyooza, samadi, minyoo inayotoboa njia za maji. Ukiulima mwaka mzima, viazi, kisha karoti, kisha viazi tena, hujaurudishia kitu na umeuacha uchi, ule mshiko unakufa. Tone la mvua linaupiga unakuwa unga, unga unaziba matundu, juu panafanya ganda gumu kama ukoko wa ugali, na maji hayazami tena, yanatembea juu. Akatuchimbisha. Chini kidogo, pale ambapo jembe huishia kila msimu, tukagonga tabaka gumu, jembe likalia. Migombani tulichimba mpaka mpini ukaingia, na hatukulisikia.

Wala simlaumu Nikodemo peke yake. Ulimwazima shamba alime, akalima kama wote wanavyolima. Aling'oa yale majani ya tembo ya baba kwa sababu yanakula nafasi na yanafuga panya, akakata migrivea kwa sababu ya kivuli. Mimi nami upande wangu nilikata majani yaleyale nikalisha mbuzi mpaka yakakoma. Lakini Zakia alipofika katikati, penye masale, mimea yetu ya mpaka, alisimama muda mrefu. Akauliza nani alipanga mpaka ushuke hivi, kutoka kileleni mpaka bondeni, mstari mmoja ulionyooka.

Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, nikalimeza.

Wewe unakumbuka, na mimi sitasahau mpaka nife. Baba alikuwa hajamaliza arobaini. Mimi nimerudi nyumbani kutoka kwa mume na Jenoveva mkononi na Aron tumboni, watu wananitazama kama chombo kilichorudishwa dukani. Wazee wa ukoo wamekaa, baba mdogo Yohane anasema mtoto wa kike hawezi kuachwa hivihivi, apewe pale juu kwenye mawe, na wewe uchukue mteremko na bonde. Niliinamisha kichwa, ningekubali. Wewe ukasimama. Ulisema Modesta ni mtoto wa mzee kama wewe, na kama ni mawe basi mawe tugawane, na kama ni bonde basi bonde tugawane. Mlima ugawanywe kutoka juu mpaka chini, kila mtu apate kilele, apate mteremko, apate na maji. Baba mdogo akasema unataka kumharibu dada yako. Ukaenda ukachukua masale kwenye mpaka wa zamani wa babu, ukayapanda kwa mkono wako, mstari mzima, jasho linakutoka, na ulipofika bondeni ukaniita uniambie, haya, sasa hakuna atakayekufukuza hapa.

Kaka, hakuna mtu amewahi kunifanyia hivyo. Nilikuwa napita penye masale yale nayagusa tu.

Lakini makingamaji ya baba, ile mitaro yenye matuta ya kuzuia maji, yalikuwa yanakatiza mlima, toka upande huu mpaka ule, bila kujali nani ni nani. Mpaka ulipopita katikati, uliyakata yote. Tukafungua na njia kando ya masale ili kila mtu apitishe mazao yake bila kukanyaga kwa mwenzake. Maji yaliyokuwa yakizuiwa na kila kingamaji yakapata mlango palepale. Hata kabla Nikodemo hajang'oa chochote, yale makingamaji yalikuwa yameshageuka mifereji, yanakusanya maji ya mlima mzima na kuyapeleka kwenye njia. Na njia ikayapeleka kwa mama. Tulifanya haki, kaka, tukaielekeza chini.

Zakia alitufundisha kupima kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na jiwe linaning'inia katikati kwa kamba. Unatembea nayo kukatiza mlima, jiwe linakuonyesha pale palipo sawa, hapo ndipo unapochimba na kupanda majani. Ni kazi ambayo hata mama mkwe wa mtu anaweza kuifanya. Ila alisema jambo moja, kwamba kingamaji linaloishia kwenye mpaka ni sawa na bomba la kumwagia maji kwa mama. Lazima lipite.

Nilienda kwa shemeji Nikodemo. Alisema yeye ameazimwa tu, hawezi kukubali kitu kwenye shamba la mtu. Nilikupigia, ukasema utanipigia jioni. Nilienda kwa baba mdogo Yohane, nikapiga magoti. Baba mdogo aliniambia kwamba babu zetu walilazimishwa na mkoloni kupiga matuta kwenye milima hii, wakachapwa, wakatozwa faini, na wakakataa, na sasa binti mwenye buti anakuja kuyarudisha. Kuhusu masale hakutaka hata nimalize. Alisema anayegusa masale anaigawa damu, na mtoto wa kike aliyepewa kwa huruma asiwe wa kwanza kung'oa.

Niliporudi nikamweleza mama. Na mama naye, kaka, alikuwa upande wao. Aliniambia kwa Kishambaa kwamba huko ni kubana shi, ni kuiumiza nchi, na nchi ikiumizwa na watu wake mvua hugeuka. Nikamwambia mvua imeshageuka, mama, imekuchukua jikoni. Hatukusemeshana mpaka kesho yake.

Ile glasi yenye bonge la mgombani yeye hakuimwaga. Aliiweka dirishani chumbani kwake. Kila nikienda kufagia naikuta, bonge bado limekaa, maji bado meupe, na mama amekaa kitandani analiangalia kama mtu anayengoja litakachosema.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Jumamosi moja, wiki mbili sasa zimepita, wanawake wa jumuiya walikuja kunisaidia upande wangu. Viazi vya Nikodemo vilikuwa vimeshavunwa, upande wako hauna kitu. Tulipima, tukachimba kingamaji la juu, tukaja nalo mpaka penye masale. Pale majembe yakasimama. Kila mtu ananiangalia mimi. Nilishika mpini, nikashindwa. Niliona mkono wako tu ukiyapanda.

Nikasikia fimbo. Mama alikuwa anapanda mlima, nyonga ile, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika. Alipofika alimpa Jenoveva fimbo amshikie. Akainama, akashika sale kwa mikono miwili, akavuta. Halikutoka, ulilipanda vizuri. Akakaa chini kabisa, miguu akainyoosha kama mtoto, akavuta tena mpaka likaachia na udongo wake. Alilipangusa mizizi. Akaongea na baba, kwa Kishambaa, kwa sauti ya kawaida kama vile baba yuko upande wa pili wa kahawa, akamwambia watoto hawajakosana, leo tunazifya shi, tunaiponya nchi, asikasirike.

Ndivyo ilivyokuwa. La kwanza alilitoa mama. Yaliyobaki yote niliyatoa mimi, mstari mzima, kutoka kileleni mpaka bondeni. Mama alitaka niandike kwamba ni yeye peke yake, ili hasira yako ishukie kwake ambako haiwezi kukaa. Sitaandika hivyo. Ni mkono wangu, na niliingia kwenye shamba lako bila ruhusa yako, nikalichimba kukatiza toka mwisho huu mpaka ule, na masale yako nimeyapanda upya yakifuata makingamaji, yamekatiza mlima, nusu kwangu na nusu kwako, na majani ya tembo katikati yake. Korongo tumelizuia kwa mawe na matawi, ngazi kwa ngazi.

Shemeji Nikodemo alipiga kelele sana, akaniita mwizi wa mchana, kisha akaona mama amekaa chini kwenye udongo, akavua kofia, akaenda kumwita baba mdogo. Baba mdogo alikuja akatembea yale makingamaji yote, mikono nyuma. Alipofika juu ya chumba cha mama alisimama, akaangalia juu, akaangalia chini. Hakusema nimefanya vizuri. Alisema mwenye neno ni Paskali. Ukinishtaki, nitatoa mbuzi wa faini mbele ya ukoo na masale yatarudishwa yalipokuwa. Ukikubali, uje mwenyewe, upande kwa mkono wako, yeye na wazee waone, na maneno yaishe.

Sikuombi msamaha kwa kuyatoa, kaka. Nakuomba radhi kwa kutokusubiri. Vuli inakuja, na vuli hainipigii jioni.

Sijaikana zawadi yako. Kila anayeuliza mpaka uko wapi namjibu nusu hii ni ya Paskali na nusu hii ni yangu, na nitaendelea kumjibu hivyo masale yakiwepo au yasipokuwepo. Ulisema hakuna atakayenifukuza hapa. Nimekuamini. Ndiyo maana nikathubutu.

Lile sale alilolitoa mama sijalipanda. Nimelifunga kwenye gunia lenye maji, liko barazani tunapopikia, limeanza kutoa mzizi mpya, mweupe. Hilo ni lako. Njoo kabla mvua haijaanza, ulipande kwenye kingamaji la juu, palepale mpaka ulipokuwa unapita. Na kama umekasirika, njoo vilevile. Nitakupa jembe na sitasema neno, uyang'oe yote uyarudishe yatelemke kama yalivyokuwa. Ila ukimaliza usiondoke. Mama atalala na watoto, wewe nitakutandikia kitanda chake, ungoje mvua ya kwanza ukiwa mle chumbani.

Jenoveva anasema umletee miwa ya Mnazi, meno yataota. Aron anakusalimia kwa kelele. Mama hakutuma salamu, ametuma ile glasi ya dirishani, bonge la mgombani likiwa ndani, Rubeni anayo, nimeifunga kwa nguo isivunjike. Maji tumemwaga. Weka ya kwenu, uone.

Ubaki salama, wewe na wote wa nyumba yako.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,

Modesta
(Mama Jenoveva)